Mambo? Sawa au Shida: Historia Fupi ya Kinywa Kikavu na Simu ya Mkononi

Haya wasomaji, leo tunaweka kando habari za simu mpya na kasi ya intaneti. Leo tunazungumzia mate. Ndiyo, mate, haya haya unayoyameza sasa hivi bila kufikiria.

Najua wengine mtajiuliza mate yameingiaje kwenye blogu ya mambo ya teknolojia. Subirini kidogo. Siku hizi kuna programu za simu za kuwasaidia wagonjwa wenye kinywa kikavu na madaktari wao wa meno. Ukizitazama utadhani ni jambo jipya kabisa, lakini nyuma yake kuna historia ya zaidi ya miaka 100. Mtu anayetaka kuunda programu ya aina hii bila kuijua historia hiyo atajenga kitu kizuri machoni kisicho na faida kwa mgonjwa. Basi tuanze mwanzo.

MATE YANA KAZI GANI?

Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Mate hulainisha chakula, huosha mabaki ya sukari na hupunguza makali ya asidi. Pia yana madini ya kalisi na fosfeti yanayokarabati jino kila siku. Asidi ikizidi mdomoni, pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, gamba gumu la jino huanza kuyeyuka. Mate ndiyo yanayoirudisha hali kuwa ya kawaida.

Sasa mwondolee mtu mate. Chakula kinakwama kooni, ulimi unawaka, kuzungumza ni taabu, usiku anaamka mara tatu kutafuta maji. Baada ya muda meno yanaanza kuoza, hasa pale karibu na ufizi. Na wengi hujitibu kwa kufyonza peremende za sukari, jambo linaloharakisha kuoza kwenyewe.

Ni nani hupatwa na hali hii? Wanaotumia dawa fulani, na dawa zenyewe ni mamia: baadhi ya dawa za shinikizo la damu, za mzio, za msongo wa mawazo. Wenye saratani ya kichwa na shingo waliotibiwa kwa mionzi. Wenye ugonjwa wa Sjögren, ambapo kinga ya mwili hushambulia tezi za mate na machozi. Pia baadhi ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kwa kuwa virusi hivyo vinaweza kuathiri tezi za mate.

MADAKTARI WALIANZA KUSIKILIZA LINI?

Mwaka 1888 daktari wa London aitwaye W. B. Hadden aliandika kuhusu mgonjwa wake, mwanamke aliyekaukiwa mate. Dawa aliyompa ilitokana na jaborandi, mmea wa Brazil ambao majani yake humfanya mtu atokwe jasho na mate. Kiini cha mmea huo, pilocarpine, kilikuwa kimeshatengwa maabara mwaka 1875. Lakini ilichukua hadi 1994 ndipo Marekani ikaidhinisha vidonge vya pilocarpine kwa wagonjwa waliokaukiwa mate kwa sababu ya mionzi. Zaidi ya miaka 100 kutoka kwenye jani hadi kwenye kidonge!

Mwaka 1933 daktari wa macho wa Uswidi, Henrik Sjögren, alitoa tasnifu kuhusu wanawake 19 wenye macho makavu. Aliona kwamba ukavu wa macho, ukavu wa kinywa na maumivu ya viungo vilikwenda pamoja. Tasnifu ile haikupata alama za kumwezesha kuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Ilipofasiriwa kwa Kiingereza huko Australia mwaka 1943 ndipo ulimwengu ukaanza kuisoma kwa wingi. Leo ugonjwa unaitwa kwa jina lake.

Angalieni kinachojirudia. Mgonjwa anasema, lakini inachukua muda mrefu mno kabla ya maneno yake kupata pa kuandikwa.

ENZI YA KUPIMA

Wanasayansi hupenda namba. Mwaka 1916 Karl Lashley, mwanasaikolojia wa Marekani, alibuni kikombe kidogo chenye vyumba viwili, kimoja ndani ya kingine. Chumba cha nje kilinyonya shavu kwa ndani kisianguke, cha ndani kilikusanya mate yanayotoka kwenye tezi iliyo karibu na sikio. Mwaka 1985 likaja jaribio la Saxon, rahisi zaidi: mgonjwa anatafuna kipande cha shashi kwa dakika 2, kisha shashi inapimwa uzito. Ikiongezeka gramu 2.75 au zaidi, mate yake ni ya kawaida. Njia nyingine ni kutemea kwenye chupa kwa dakika kadhaa bila kutafuna chochote. Yakiwa chini ya mililita 0.1 kwa dakika, mate ni haba.

Namba safi kabisa. Mwenzangu mtaalamu wa tarakilishi atasema tumemaliza, weka namba kwenye hifadhidata. Lakini ngoja.

Mwaka 1987 Colin Dawes, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, alionyesha kwamba mtu huanza kuhisi ukavu mate yake yanaposhuka hadi karibu nusu ya kiasi chake mwenyewe cha kawaida. Soma tena hapo: chake mwenyewe. Mtu aliyekuwa na mate mengi anaweza kupoteza nusu, akateseka, lakini kipimo cha hospitali kikasema yuko sawa. Hapo ndipo mgonjwa huambiwa hana kitu, aende nyumbani anywe maji.

Dawes huyo huyo alikuwa ameonyesha mwaka 1972 kwamba mate hupanda na kushuka kwa saa. Hufikia kilele alasiri, na mtu akilala hupungua karibu yaishe. Kwa hiyo mgonjwa anayepimwa saa nne asubuhi kliniki anapimwa kwa saa moja tu ya siku yake. Ile saa nane ya usiku anayoamka ulimi umeganda kwenye kaakaa, hakuna daktari wala chupa ya kipimo.

ENZI YA KUULIZA

Mwaka huo huo wa 1987, Philip Fox na wenzake wa taasisi ya taifa ya utafiti wa meno ya Marekani walijaribu njia tofauti. Waliwauliza wagonjwa maswali, kisha wakalinganisha majibu na mate yaliyopimwa. Jambo la kuvutia ni kwamba malalamiko ya ukavu wa usiku au wa kuamka asubuhi hayakutabiri vizuri tezi zilizoharibika. Maswali ya wakati wa kula ndiyo yaliyofanya kazi: je, unahitaji kunywa kitu ili umeze chakula kikavu? Je, kinywa hukauka ukiwa unakula? Je, ni vigumu kumeza?

Mwaka 1999 Murray Thomson na wenzake, wakiwafanyia utafiti wazee wa Australia Kusini, walichapisha hojaji ya kauli 11. Kila kauli mgonjwa huipa alama 1 hadi 5, kwa hiyo jumla ni kati ya 11 na 55. Mwaka 2011 likatoka toleo fupi la kauli 5 tu. Halafu mwaka 2012 kikundi cha Stephen Challacombe wa King's College London kikachapisha kipimo cha kutazama kinywa kwa alama 10. Mojawapo ya dalili zake: je, kioo cha daktari wa meno kinanata kwenye shavu au ulimi?

Kwa hiyo tayari tulikuwa na mashine, maswali na macho ya daktari. Kilichokosekana ni kitu kimoja: kujua kinachotokea siku zote ambazo mgonjwa hayuko kliniki.

DAFTARI LILILODANGANYA

Suluhisho la zamani lilikuwa daftari. Mgonjwa anapewa karatasi, anaambiwa ajaze mara tatu kwa siku, alete akirudi. Ninyi mnajua tunavyojaza karatasi kama hizo. Unajaza zote usiku wa mwisho kwa kalamu moja!

Mwaka 2002 Arthur Stone na wenzake walichapisha katika jarida la BMJ utafiti ambao, kwa maoni yangu, kila mwandishi wa programu za afya angeusoma kabla hajaandika mstari wa kwanza. Walichukua watu wazima 80 wenye maumivu ya kudumu. Nusu walipewa daftari la karatasi la kujaza saa nne asubuhi, saa kumi jioni na saa mbili usiku kwa siku 21. Wasichokijua ni kwamba ndani ya jalada mlikuwa na kihisi mwanga kilichoandika kila mara daftari lilipofunguliwa. Nusu nyingine walipewa tarakilishi ndogo ya kiganjani iliyowaita kwa mlio.

Matokeo? Kwa mujibu wa karatasi, wagonjwa walijaza kwa wakati asilimia 90. Kwa mujibu wa kihisi, asilimia 11! Kulikuwa na siku ambazo daftari halikufunguliwa hata mara moja, lakini kurasa za siku hizo zilijazwa vizuri kabisa. Wale wa tarakilishi ya kiganjani walifikia asilimia 94.

Tusiwalaumu wagonjwa hawa. Walikuwa watu wenye maumivu, na wenye shughuli zao. Walitaka kumfurahisha daktari. Tatizo lilikuwa karatasi, kwa sababu karatasi haina saa. Na utafiti ule ulikuwa wa maumivu, lakini kinywa kikavu kina tabia hiyo hiyo: kinabadilika kwa saa, anayekihisi ni mgonjwa peke yake, na kikipita ni vigumu kukumbuka kilikuwa kibaya kiasi gani.

MAMBO?

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 2007 ndio mwaka M-Pesa ilipozinduliwa hapa Kenya, na sote tunajua hadithi hiyo. Lakini Mei mwaka huo huo ulianza utafiti mwingine wa simu usiotajwa sana, ulioongozwa na daktari wa Kanada, Richard Lester, pamoja na watafiti wa Kenya. Ulifanyika katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado, na watu 538 walioanza dawa za ARV.

Programu yenyewe ilikuwa ya ajabu kwa urahisi wake. Kila wiki muuguzi anatuma arafa yenye neno moja: "Mambo?" Mgonjwa ana saa 48 kujibu. Akiwa salama anajibu "Sawa". Akiwa na tatizo anajibu "Shida". Aliyesema shida anapigiwa simu. Aliyenyamaza anapigiwa pia. Basi. Hakuna picha, hakuna rangi, hakuna neno la siri la kusahau.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Waliotumiwa arafa, asilimia 62 walimeza dawa ipasavyo. Wasiotumiwa, asilimia 50. Virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 dhidi ya 48. Neno moja la mtaani na muuguzi mmoja anayesoma majibu!

Mwaka huo huo wa 2007, hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, ilianza kuandikisha wagonjwa katika utafiti wenye wazo linalofanana, ukiongozwa na Ethan Basch. Wagonjwa 766 wenye saratani iliyosambaa waligawanywa: wengine waliripoti dalili zao kupitia tovuti na wauguzi wakapata barua pepe dalili zikizidi, wengine waliendelea na utaratibu wa kawaida. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba kundi la kuripoti liliishi kwa wastani wa kati wa miezi 31.2, na lile lingine miezi 26. Miezi mitano zaidi ya uhai kwa kuulizwa hali na kujibiwa.

Baadaye taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani ilitengeneza orodha ya dalili 78 ambazo mgonjwa mwenyewe huziripoti. Kinywa kikavu kimo.

HALAFU SIMU ZIKAWA NA AKILI

Julai 2008 duka la programu za iPhone lilifunguliwa likiwa na programu 500 hivi. Simu ya kwanza ya Android ilifuata mwezi Oktoba. Kwetu Kenya mlango ulifunguka hasa mwaka 2011, Huawei IDEOS ilipouzwa kwa shilingi elfu nane hivi. Ghafla ile tarakilishi ya kiganjani ya utafiti wa Stone ikawa mfukoni mwa mwanafunzi.

Mwaka 2018 watafiti wa MD Anderson, Houston, walieleza matokeo ya wagonjwa 357 wa saratani ya kichwa na shingo waliokuwa wakitibiwa kwa mionzi, yaani kundi linaloathirika sana na ukavu wa kinywa. Baadhi walipewa mizani na kipima shinikizo la damu vinavyotuma habari kwa Bluetooth, pamoja na programu ya kuripoti dalili. Madaktari walitazama habari hizo kila siku. Waliofuatiliwa hivyo walikuwa na dalili hafifu kuliko waliofuatiliwa kwa ziara za kliniki pekee.

Lakini tusitiane chumvi. Programu haitengenezi mate. Mwaka 2011 utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 94 ulionyesha kwamba mashine za mionzi zinazoweza kukwepa tezi za mate zilipunguza ukavu wa kinywa wa kiwango cha kati na kuendelea, baada ya mwaka mmoja, kutoka asilimia 74 hadi 38. Hakuna programu ya simu inayoweza kushindana na hilo. Kazi ya simu ni ndogo, lakini ni ya lazima: kubeba neno la mgonjwa, likiwa na saa yake, hadi kwa mtu anayeweza kufanya jambo.

SASA TUFANYEJE?

Kwa wenzangu mnaoandika programu, haya ndiyo ninayoyaona katika historia hii.

Kwanza, mwachie simu kazi ya kuandika saa. Usimwulize mtumiaji. Kwa Kiswahili hatari ni maradufu: mtu akiandika "saa 2 usiku" anamaanisha saa ambayo tarakilishi inaiita 20:00, lakini programu iliyofasiriwa kizembe itaisoma kama 02:00. Kwa mgonjwa ambaye ukavu wa usiku wa manane ndio habari yenyewe, kosa hilo linaharibu kila kitu. Na mtandao ukikosekana, hifadhi saa mbili: saa ya kujibu na saa ya kutuma. Majibu ya jana yaliyojazwa leo yawekewe alama, daktari ajue.

Pili, chunga lugha. Hojaji za Thomson huuliza kuhusu kinywa na kuhusu midomo kama mambo mawili tofauti. Kwa Kiswahili cha kila siku "mdomo" ni lote hilo. Ukiuliza "Je, mdomo wako ni mkavu?", kisha "Je, midomo yako ni mikavu?", mtu atadhani umerudia swali. Sema "ndani ya kinywa" na "midomo ya nje". Na swali la chakula kikavu, usifasiri biskuti za Australia. Uliza kuhusu mahindi ya kuchoma, viazi vitamu au mkate bila chai.

Tatu, maswali yawe machache. Kauli 5 zinatosha mara moja kwa mwezi, na swali moja kwa siku. Weka pia mahali pa kuandika dawa anazotumia, maana huenda jibu la daktari likawa ni kuwasiliana na aliyemwandikia dawa hiyo ili ibadilishwe. Na asiye na simu ya Android asiachwe nje. Arafa bado inafanya kazi.

Nne, linda siri. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Orodha ya dawa za mtu inaweza kufichua ugonjwa ambao hajamwambia hata mkewe.

Tano, na hili ndilo kubwa: awepo anayesoma. Arafa ya "Mambo?" ilifaulu kwa sababu "Shida" ilikuwa na mtu upande wa pili. Programu inayomwuliza mgonjwa hali kila siku na hakuna anayejibu ni lile lile daftari la karatasi, limevishwa kioo tu.

Na wewe msomaji ambaye kinywa hukukauka, usingoje programu. Andika kwenye simu yako leo: saa ngapi, ulikuwa unakula nini, dawa gani unatumia. Kunywa maji kidogo kidogo, tafuna bazoka isiyo na sukari, acha peremende tamu, piga mswaki kwa dawa yenye floridi. Kisha mwonyeshe daktari wa meno ulichoandika. Usiache dawa ya hospitali kwa uamuzi wako mwenyewe. Akikuambia kipimo kiko sawa, mweleze kilichokuwa kawaida yako zamani. Dawes alishaonyesha tangu 1987 kwamba hiyo ndiyo inayohesabika.

Kama kuna mmoja wenu anayeunda kitu cha aina hii kwa Kiswahili, aniandikie hapa chini. Ningependa kukiona. Hadi wakati mwingine, kwaherini.